Utafiti unaoishia majaridani

Mhariri,

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliopata vikao 5 vya mazungumzo na wahudumu wa afya ya jamii, watu wasio na shahada ya saikolojia, walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mimi ni mshauri nasaha kwa miaka 9, na habari hiyo kubwa, iliyotoka humu humu nchini, sikuisikia kazini hata siku moja. Niliisoma mwenyewe, kwa Kiingereza, nikiwa likizo ya uzazi.

Siwalaumu watafiti peke yao, kwa kuwa nasi hatuwarudishii tunayoyaona. Kliniki yetu hupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa dodoso la maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Majuzi nilimuuliza mama mmoja ni siku ngapi amekosa hamu ya kula. Akanitazama, akasema: "Hamu ipo, mwanangu. Chakula ndicho hakipo." Fomu haina nafasi ya jibu kama hilo. Niliandika sifuri, na sifuri hiyo ikaenda kuhesabiwa pamoja na za walioshiba.

Wenzetu wa Harare, Zimbabwe, walianzia kwa mgonjwa. Walilichukua neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo wagonjwa wenyewe hulitumia kama sisi tusemavyo "nina mawazo", wakatunga maswali kwa lugha hiyo, kisha wakawafundisha akina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Baadaye ndipo walipoipima kazi hiyo katika kliniki 24, kwa wagonjwa 573, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha nafuu ya wazi baada ya miezi 6.

Ninaziomba kamati za maadili zinazoidhinisha tafiti za tiba ya mazungumzo zisitoe kibali mpaka mtafiti aonyeshe mambo mawili: mwongozo wa Kiswahili utakaobaki kliniki, na fungu la kumlipa msimamizi wa kutuongoza baada ya mradi kufungwa, maana ujuzi wa kusikiliza huchakaa usiponolewa. Mradi wa mwisho uliopita kwetu ulituachia fulana na bango.

Mshauri nasaha,
Mombasa