Mjomba, redio ya zamani nayo ilikuwa na kelele zake

Mjomba,

Shikamoo. Najua wewe na mambo ya mtandao ni mbalimbali, ila vijana hapo nyumbani watakusomea, na wakiruka mahali utawajua tu kwa sauti. Nakuandikia hadharani kwa sababu ubishi wenyewe uliuanzisha hadharani, mbele ya wakwe, sahani za pilau zikiwa bado mikononi. Ulisema redio ya siku hizi ni makelele, tangazo juu ya tangazo, watangazaji wanachekacheka asubuhi kana kwamba wamelipwa kucheka, na kwamba zamani mtu akifungua redio alipata neno la maana. Nilinyamaza kwa heshima. Wewe ni mjomba na ile ilikuwa arusi.

Sasa nina ushahidi. Nimeisikiliza siku nzima ya redio ya mwaka 1939, tangu kituo kilipofungua alfajiri hadi kilipofunga usiku wa manane. Kazi yangu unaijua: mikono na macho viko kwenye cherehani, masikio yanakaa bure. Sikuimaliza kwa mkupuo mmoja. Niliila vipande vipande, huku nikishona sare za kwaya.

Siku yenyewe ni Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1939, na mji ni Washington, Marekani. Kituo kiliitwa WJSV, kikiwa chini ya shirika la CBS. Siku hiyo waliamua kurekodi kila kilichokwenda hewani, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba usiku, wakajaza santuri rundo, nazo zikahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Leo zinapatikana mtandaoni bure. Usidhani lilikuwa jambo la kawaida. Enzi hizo mashirika makubwa ya redio kule hayakupenda kabisa kurusha kitu kilichorekodiwa. Mchezo wa kuigiza, bendi, habari, vyote vilifanywa papo hapo mbele ya maikrofoni, na kikundi kikitaka kusikika pwani ya magharibi kwa saa za kule, mara nyingi kiliigiza tena upya baada ya saa kadhaa. Likishatamkwa neno, limekwenda. Ndiyo maana siku moja iliyobaki nzima hivi ni mali.

Basi, tuanze na asubuhi, maana ndiyo uliyoitukana zaidi.

Asubuhi ya WJSV ni ya mtu mmoja, Arthur Godfrey. Anapiga santuri, anataja saa, anapiga miayo, anawataja wenye maduka wanaomlipa kisha anawatania hewani. Tangazo analolisoma unahisi anasoma huku amekunja uso, halafu anatoka kwenye karatasi na kuanza kusema ya kwake. Miaka minane kabla ya siku hiyo alipata ajali ya gari, akalazwa muda mrefu, na kitandani hakuwa na kazi ila kusikiliza redio. Akagundua kwamba watangazaji wote walikuwa wakihutubia umati wa watu ambao haupo. Msikilizaji yuko peke yake jikoni, wao wanamwita "mabibi na mabwana". Alipopona akaanza kuzungumza kana kwamba anaongea na mtu mmoja tu. Hao vijana wa asubuhi wanaokukera, Mjomba, huyo ndiye babu yao. Na ukimsikiliza utampenda, hilo naliwekea dhamana. Mtu huyuhuyu, mwaka 1945, ndiye aliyeshindwa kujizuia akalia hewani alipokuwa akieleza msafara wa jeneza la Rais Roosevelt ukipita.

Baada ya Godfrey inakuja michezo ya kuigiza, nayo ni mingi mpaka inachosha. Kuanzia mapema asubuhi hadi mchana, robo saa hadi robo saa, mmoja ukimfuata mwingine. Karibu kila mmoja una ogani yake ya kuufungulia, mtangazaji wake mwenye sauti ya asali, na sabuni au dawa yake ya kuuza. Kuna ule wa Helen Trent: mtu anavumisha wimbo kwa pua, gitaa likimsindikiza polepole, kisha mtangazaji anakumbusha kwamba mwanamke akifika miaka 35 mapenzi hayajamwisha. Kila siku anakumbusha. Mwingine ni wa binti wa mji mdogo wa machimbo aliyeolewa na Mwingereza tajiri mwenye cheo cha ukabaila, nao unauliza kila siku kama ataipata furaha. Ukitoa ogani, ukatoa muhtasari wa jana, ukatoa sabuni, hadithi inayobaki ni fupi kuliko foleni ya kisimani. Mtu anabisha hodi leo, kesho ndipo anafunguliwa.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka "Twende na Wakati". Ulikuwa ukitufukuza sebuleni ili umsikie Mkwaju, dereva wa lori, na visa vyake vya njiani. Ufundi ni uleule: mlango unagongwa, kipindi kinaisha. Tofauti ni nani alilipia. Kule Washington mwenye mchezo ni kiwanda cha sabuni, na mama wa nyumbani akishaguswa moyo anaambiwa afulie nini. Mkwaju aliletwa na Redio Tanzania mwaka 1993 ili watu wazungumze juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mimi bado naona hii ya kwetu ilikuwa matumizi bora ya mlango unaogongwa. Hapo nakuunga mkono, lakini angalia: mwaka 1993 si zamani unayoisema wewe.

Kati ya michezo hiyo, vita inapita. Siku hiyo vita vya Ulaya havijatimiza hata mwezi. Wasovieti wameingia Poland siku nne kabla, Warsaw imezingirwa, na huko Bucharest Waziri Mkuu wa Romania, Armand Călinescu, ameuawa kwa risasi siku hiyohiyo. Habari zinasomwa kwa haraka, kisha ogani, kisha sabuni. Nilisimamisha cherehani mara ya kwanza nilipousikia mchanganyiko huo. Huku kwetu, siku ileile, Wajerumani wengi wa Tanganyika, wakiwemo wenye mashamba ya mkonge ya hapo kwenu Tanga, walikuwa wameshakamatwa na Mwingereza na kuwekwa kizuizini. Sisi wenyewe hatukuwa na kituo cha kutuambia lolote. Cha kwetu, Sauti ya Dar es Salaam, hakikuanza hadi 1951. Habari zilikuja kwa karani, kwa baharia, kwa gazeti lililopitia mikono kumi.

Saa nane mchana kila kitu kinasimama. Roosevelt anazungumza mbele ya mabunge yote mawili. Anataka sheria ya kutoegemea upande wowote ibadilishwe, ili silaha ziweze kuuzwa kwa Waingereza na Wafaransa kwa fedha taslimu, na mnunuzi azibebe kwa meli zake mwenyewe. Mimi nilitegemea ngurumo. Nikapata mtu anayesoma hoja taratibu kama wakili aliyejiandaa vizuri. Anasema anajuta kwamba Bunge liliipitisha sheria ile, na anajuta vilevile kwamba yeye aliitia saini. Lirudie hilo, Mjomba: rais, hewani, nchi nzima inamsikia. Mapema Novemba mwaka huohuo wakaibadilisha.

Wewe hotuba yako ni ile ya Mwalimu ya Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, na mpaka leo ukiigiza unasimama. Hizi mbili si za aina moja. Mwalimu alikuwa anaingia vitani na kila aliyesikia alijua. Roosevelt anazunguka, anaapa kwamba nia yake ni kuiweka nchi nje ya vita, na wewe uliyesoma historia unajua kitakachofuata baada ya miaka miwili. Ndiyo raha na karaha ya kusikiliza siku iliyopita: unajua zaidi ya wote wanaozungumza, na huwezi kuwaambia.

Baada yake akaletwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, Daladier, na wachambuzi wakachambua. Halafu, jioni, mpira. Beziboli, timu ya Washington ikicheza na Cleveland, na mmoja wa watangazaji ni Walter Johnson, aliyekuwa mrushaji mkali kuliko wote wa mji ule, mtu wa ushindi 417. Kutangaza hakukuwa kipaji chake. Anasema kidogo, anaacha kimya kirefu, unasikia kelele za uwanja tu na muuza vitu akipita. Sheria za mchezo sizijui hadi sasa na sikuruka hata dakika moja. Watangazaji wetu wa soka wangepewa kanda hiyo wajifunze kunyamaza.

Nije kwenye sehemu ambayo haikunipa raha. Jioni kuna "Amos 'n' Andy", kipindi kilichokuwa kimeshika Marekani nzima tangu 1928. Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wanaigiza watu Weusi, kwa matamshi ya kubabaisha, wajinga wa mahesabu, wepesi wa kudanganyika. Ni mafundi, sitakataa. Wanajua kusubiri kabla ya kutamka neno la kuchekesha. Lakini nilikuwa nakisikia nikiwa mtu mweusi mwenye sindano mkononi, na kicheko hakikutoka. Huo ni mji ambao mwezi Aprili mwaka huohuo mwimbaji Marian Anderson alinyimwa ukumbi mkubwa kwa sababu ya rangi yake, akaimbia nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000, na redio ikampeleka nchi nzima. Redio hiyohiyo, ndani ya mwaka mmoja. Na hizo herufi JSV katika jina la kituo zinatokana na James S. Vance, mchapishaji wa gazeti lililowatetea Ku Klux Klan, kile kikundi cha Wazungu kilichowatisha na kuwaua watu Weusi. CBS walikichukua kituo mwaka 1932 na jina wakaliacha kama lilivyo hadi 1943. Kwa hiyo unaponiambia redio ya zamani ilikuwa na heshima, nauliza: heshima kwa nani?

Usiku nakurudishia ushindi kidogo. Baada ya mashindano ya waimbaji chipukizi ya Major Bowes (hapohapo ndipo Frank Sinatra alipitia mwaka 1935, kijana asiyejulikana) na baada ya habari za mwisho, wanaanza kuunganisha na kumbi za dansi. Bendi kamili, papo hapo, moja baada ya nyingine hadi kufunga kituo: Teddy Powell, Louis Prima na tarumbeta lake, Bob Chester. Unasikia vikombe, unasikia watu wakipiga makofi kabla wimbo haujakwisha. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Watu wazima wamevaa suti usiku huo ili mtu aliyelala kitandani mji mwingine asikie saksafoni. Hilo la muziki nimekupa. Lichukue, utambe nalo barazani.

Ila la matangazo ya biashara sikupi hata thumni. Hao wa 1939 walituzidi mbali, na wewe unayelalamika ulikuwa mteja wa Idhaa ya Biashara ya Redio Tanzania. Jina lake tu linakushitaki. Betri zikiisha nguvu ulizianika juani ili upate nusu saa nyingine ya salamu, muziki na tangazo la sabuni, na tangazo lenyewe unaliimba mpaka leo ukiwa bafuni.

Nimewatumia vijana sehemu tatu: dakika ishirini za mwanzo za Godfrey, hotuba, na bendi ya Prima. Wakuwekee kwa mpangilio huo, na hotuba usiikatishe kwa kuisemesha. Ukishasikiliza nipigie tubishane vizuri, si kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa.

Kanzu yako imekwisha. Mikono nimeipunguza kama ulivyotaka, inakuja na basi la Ijumaa, na nauli ya kifurushi nimeshalipa.

Mpwa wako