Pesa ya saruji sitoi

Kaka,

Shikamoo. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho: viyoyozi viwili, saruji ya kupiga lipu nje nyumba nzima, na eti joto linamuua Mama. Cha Mama namtumia mwenyewe mkononi, halina mjadala. Pesa ya saruji sitoi.

Usianze na ile ya "ughaibuni kumempa kiburi". Kuta kuukuu ndizo zinazonilisha huku Uingereza. Juzi mhandisi alikuja na hesabu zake za kitabuni: ukuta mzima wa tofali, usio na uwazi katikati, hupoteza wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Nikamwambia tupime. Nikabandika vihisi vya kupima joto ukuta wa kaskazini, jua lisije likatudanganya, vikakaa majuma kadhaa ya baridi. Ikatoka 1.5. Sasa bosi kila nyumba ya zamani ananiita mimi, na yule mhandisi ananisalimia kwa jina.

Basi nisikilize. Ukuta wa nyumba ya Babu ni mzima kama huu wa huku, ila joto linapita kinyume: huku linatoroka nje, huko linaingia ndani. Na unene wake haulizuii, unalichelewesha. Jua likiupiga alasiri, joto linafika chumbani baada ya muda wa saa nane, kumi, hata zaidi. Ndiyo maana mchana mnapumua na usiku mnatoka jasho, kwa sababu mmefunga madirisha yote wakati ukuta unatema. Wekeni nyavu na nondo, yafungueni usiku, asubuhi jua likikaza myafunge. Babu alifanya hivyo bila kusomea popote.

Halafu ule mti. Nimenyamaza tangu msiba kwa heshima ya Baba Mdogo, lakini leo naandika. Jua la magharibi linakuja chini chini, linaingia hata chini ya upenu, hakuna paa linaloliziba. Mti ndio uliokuwa unaliziba. Baba Mdogo ameukata apate pa kuegesha gari, gari lenyewe bovu, halafu bili ya kiyoyozi inaletwa kwangu! Shangazi alisema siku ile ile, mkamwita mchawi wa maneno.

Saruji itaharibu zaidi. Ukuta ule ni mawe na chokaa, unakunywa maji na kuyatoa. Mchirizi ulivunjika zamani, kona ya chumba cha Mama imelowa, na ukuta uliolowa unapitisha joto kirahisi, maana maji yanalipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia ndani ya vitundu vya jiwe. Ukifunika kwa saruji unayafungia humo, kisha chumvi inaibandua lipu yenyewe. Tengeneza mchirizi, acha ukuta ukauke, piga lipu ya chokaa, paka chokaa nyeupe irudishe jua lilikotoka.

Na paa? Huko jua la mchana liko utosini, bati linapigwa kuliko ukuta wowote. Chini yake wekeni dari; hiyo nalipa mimi, yote.

Huku jua la majira ya baridi linalala kusini, watu wanaligombania. Mchana nikipumzika naegemea ukuta wa kusini, tofali limepata uvuguvugu, nafumba macho naona baraza na Mama anawagombeza wajukuu. Baridi ipo, tumeizoea. Mwambie nimenunua koti zuri.

Nataka hesabu ya fundi wa dari, aiandike mwenyewe, si wewe umuandikie. Baba Mdogo naye apande mti mwingine pale pale, na gari alihamishe kabla sijatuma hata senti.

Mdogo wako