Rehema, bomu lile lilikuwa letu pia

Dar es Salaam

Rehema mpenzi,

Habari za huko, na hiyo baridi yenu? Sisi wazima. Mvua zimeanza, njia ya kwenda kwa mama imekuwa tope tupu, na yeye kila siku anauliza utarudi lini.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti uliniuliza kwa nini najichosha na kesi za usalama wa taifa za Marekani, wakati wewe unayezisomea huko huko umeshazichoka. Nilishindwa kukujibu kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya 7 Agosti 1998? Tulikuwa dawati moja, darasa la tano. Saa nne na ushee, mwalimu anachora ua ubaoni, vioo vikatetemeka na chaki ikamkatikia mkononi. Alibaki ameshika kile kipande kidogo, anatutazama, hasemi neno. Jioni ndipo tulipoambiwa kuwa ubalozi wa Marekani umelipuliwa. Hapa Dar walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi walikufa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao tu.

Kwa hiyo wanasheria wa huko wanapobishana kama watuhumiwa wa ugaidi wahukumiwe na mahakama ya kawaida au na kamisheni ya kijeshi, yaani mahakama ya wanajeshi, ya Guantánamo, gereza la Marekani lililoko kisiwani Cuba, wanabishana juu ya maiti zetu. Mfungwa wa Guantánamo aliyewahi kufikishwa mbele ya mahakama ya kiraia ya Marekani ni mmoja tu: Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, na kesi yake ni ya bomu hilo hilo.

Najua umeisoma, lakini hebu isome tena ukiwa na macho ya mtu wa Dar. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Akafichwa kwenye magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akapelekwa Guantánamo mwaka 2006, New York akafikishwa mwaka 2009. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja mzito, Mtanzania aliyekuwa tayari kusema kwamba yeye ndiye aliyemuuzia baruti. Shida ni kwamba jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na maneno ya Ghailani mwenyewe akiwa mikononi mwa CIA, na serikali iliikubalia mahakama iamue jambo hilo kana kwamba maneno yale yalitolewa kwa kulazimishwa. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi. Aliandika kwamba Katiba ndiyo mwamba ambao taifa limesimama juu yake, nayo ifuatwe hata pale hofu na hatari zinapovuta upande mwingine.

Mimi ni wakili wa jinai, Rehema. Najua inavyokuwa kumwona jaji akimfungia mlango shahidi mkuu wa serikali, kwenye kesi ambayo nchi nzima inataka mtu afungwe. Kwangu, uamuzi ule ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyofanywa na mahakama yoyote baada ya mwaka 2001.

Kesi ilisikilizwa kwa wiki tano hivi. Tarehe 17 Novemba 2010 juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi huko, ikamwachia makosa 284 na kumtia hatiani kwa kosa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Yaani kati ya mashtaka yote, pamoja na ya mauaji ya kila aliyekufa, lililosimama ni la majengo. Liliniuma na bado linaniuma. Lakini Januari 2011 alifungwa maisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikaafiki. Mambo yakaishia hapo. Mwenye ndugu aliyekufa pale ubalozini ana hukumu ya kuishika mkononi.

Wanasiasa wa Washington waliona yale makosa 284 tu, wakasema mahakama ya kawaida imeshindwa kazi. Mwezi huo huo wa Januari ikasainiwa sheria inayozuia fedha za serikali kutumika kumleta mfungwa yeyote wa Guantánamo kwenye ardhi ya Marekani, hata kwa kesi. Tangu hapo zuio hilo linafufuliwa kila mwaka ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi. Mlango aliopitia Ghailani umefungwa.

Sasa tazama walikobaki wafungwa wenzake wa Guantánamo. Khalid Sheikh Mohammed, anayedaiwa kupanga mashambulizi ya 11 Septemba 2001 huko Marekani, na washtakiwa wenzake walisomewa mashtaka upya Mei 2012 mbele ya kamisheni ya kijeshi, na hadi leo kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa. Miaka yote imeliwa na swali lile lile ambalo Kaplan alilimaliza kwa uamuzi mmoja: maneno yaliyotoka baada ya mateso yatumike au yatupwe? Mwisho wa Julai 2024 watatu kati yao wakaingia makubaliano ya kukiri kosa ili waepuke kifo na wafungwe maisha. Baada ya siku mbili Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, akayafuta. Jaji wa kijeshi akasema makubaliano yana nguvu ya sheria, mahakama ya kijeshi ya rufaa ikamuunga mkono. Kisha Julai 2025 Mahakama ya Rufaa ya Washington, majaji wawili kwa mmoja, ikasema waziri alikuwa na mamlaka ya kujitoa.

Mimi niko na yule mmoja. Tangu mwaka 2019 sisi nasi tuna sheria ya kukiri kosa kwa makubaliano, na nimeshakaa meza hiyo na mteja. Mtu akishatia sahihi mbele yako, amekupa kitu ambacho hawezi kukirudisha. Serikali ikiweza kugeuka baada ya hapo, nani tena atakaa mezani nayo? Najua baadhi ya waliofiwa walitaka kesi kamili na siwalaumu hata kidogo. Ila kesi yenyewe wanayoahidiwa siioni inapotokea.

Kuna jambo moja kwa Kaplan silikubali. Ghailani alipolalamika kwamba amekaa karibu miaka mitano bila kuletwa mahakamani, jaji alisema haki yake ya kusikilizwa mapema haikuvunjwa. Na katika uamuzi ule ule wa shahidi alidokeza kwamba hata juri ikimwachia, huenda Marekani ikaendelea kumshikilia kama mateka wa vita mpaka vita viishe. Vita gani, na vitaisha lini? Azimio la Bunge la Marekani la Septemba 2001 lililoruhusu vita hivyo, lenye maneno kama 60 hivi, halina tarehe ya mwisho. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 alikaa Guantánamo mpaka Desemba 2024, akarudishwa kwao bila kusomewa shtaka hata moja. Mpaka leo swali la kama Katiba yao inawalinda walioko kisiwani wapate taratibu za haki halijajibiwa. Mwaka 2023 mahakama ile ile ya Washington ilikaa kama jopo kamili na ikalikwepa. Na sasa, tangu Septemba 2025, lugha hiyo ya vita inaelekezwa kwa watu wa boti kule Karibiani wanaodaiwa kubeba dawa za kulevya. Wengi wao hawakamatwi. Wanapigwa mabomu baharini.

Lakini uliuliza kwa nini mimi. Nina mteja ambaye kosa lake halina dhamana. Kila tukienda, mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Mama yake huja na kanga ile ile ya bluu iliyopauka, na kila kesi ikiahirishwa anafunga fundo kwenye ncha za upindo. Juzi alinishikisha nihesabu. Mafundo 23. Akaniuliza, "Mwanangu, wakimwachia, nitayafungua yote siku moja?"

Usiku ule nilirudi nikaisoma tena hukumu ya rufaa ya Ghailani, ile sehemu ya ucheleweshaji, na nakala yangu ina kurasa zimekosekana. Nitafutie kamili hapo maktabani kwenu, pamoja na maoni ya yule jaji aliyepinga Julai 2025. Ukivipata kabla ya Jumanne nitashukuru sana, ndiyo siku tunayorudi mahakamani, na safari hii nataka kuomba jaji aulize kwa maandishi huo upelelezi umebakiza nini.

Mama anakusalimia. Anasema uvae vizuri.

Wako,
Neema