Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kipokezi cha Diodi na Benchi Letu la Terahezi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu. Nafasi yangu naitumia kwa swali mlilolikabidhi kwa kamati ya ufundi: je, chama kijenge benchi la majaribio ya mawasiliano katika masafa ya karibu na 300 GHz (gigahezi 300, yaani terahezi 0.3), na kipokezi chake kiwe cha aina gani? Kamati inasema kijenge, ila kwa masharti.

Mwaka 2011, kampuni ya ROHM na Chuo Kikuu cha Osaka, wote wa Japani, walitangaza chipu ya 300 GHz iliyopitisha gigabiti 1.5 kwa sekunde. Mwaka 2019 watafiti wa Osaka wakafikisha gigabiti 30 kwa sekunde bila makosa, kwa kipokezi chenye diodi moja tu ya aina ya RTD (resonant tunnelling diode). Siri kubwa ilikuwa mahali walipoiegesha volteji ya diodi hiyo.

Ndani ya RTD, elektroni hupenya kuta mbili zenye unene wa nanomita moja na ushei. Volteji inapopandishwa, mkondo nao hupanda hadi kileleni, halafu unaanza kushuka ingawa volteji bado inapanda. Ukiegesha volteji chini kidogo ya kilele, unapata detekta ya kawaida: rahisi, tulivu, lakini ishara hafifu haiisikii. Ukiegesha kwenye mteremko, diodi yenyewe inatoa wimbi. Wimbi hilo likifungamana na lile linalotoka kwa kirushaji, yaani yakienda kwa masafa yaleyale, diodi hiyohiyo inafanya kazi ya osileta (kizalisha wimbi) na ya kichanganyaji cha mawimbi, na usikivu unaongezeka sana. Kamati inapendekeza njia hii ya pili. Naiunga mkono, lakini mjue ni ya watu wavumilivu.

Kwanza, kufungamana kuna mipaka. Chukua resoneta (sehemu inayopanga masafa ya diodi) yenye Q, yaani kipimo cha ukali wa uchaguzi wa masafa, ya 10 katika 300 GHz: ishara inayoingia ikiwa na nguvu sehemu moja tu ya 10,000 ya nguvu ya osileta, mawimbi mawili yakipishana zaidi ya takriban 150 MHz hayafungamani. Ukizidisha umbali mara mbili, nafasi hiyo inapungua kwa nusu. Na milivolti moja ya volteji inaweza kusogeza masafa ya diodi kwa makumi ya megahezi. Kwa hiyo zile pawasaplai za kubadili haraka, tunazozipenda kwa bei yake, hapa hazifai: mtetemo wake wa milivolti kadhaa unatosha kuvunja ufungamano kila mara. Tumieni betri na regyuleta tulivu ya laini.

Pili, waya. Mteremko ule unaozaa terahezi uko tayari kuzaa megahezi pia, kama waya wa kuleta umeme ni mrefu na hakuna rezista sambamba iliyokaa karibu kabisa na diodi. Dalili yake iko kwenye mchoro wa mkondo na volteji: badala ya mteremko laini utaona ngazi au sehemu bapa. Ukiiona, acha kuhangaika na antena, rudi kwenye rezista. Na kabla ya yote, kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli ivaliwe. Eneo la diodi hizi ni kama mikromita moja ya mraba, na ikishaungua haitengenezeki.

Tatu, kipokezi hiki nacho kinarusha. Wimbi lake hugonga antena ya upande wa pili na kurudi, nguvu inapanda na kushuka ukisogeza meza robo milimita tu, kwa kuwa urefu wa wimbi zima ni milimita moja. Funikeni vyuma vya benchi kwa sponji ya kufyonza mawimbi, na inamisheni lenzi kidogo.

Sasa hesabu ya umbali, maana hapa ndipo wateja wetu watadanganywa na vipeperushi. Katika 300 GHz, upotevu wa anga tupu ni desibeli 82 kwa mita 1, na 102 kwa mita 10. Kirushaji cha mikrowati 10 ni dBm −20 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1). Ukiwa na antena za umbo la pembe (horn) za desibeli 25 kila upande, kwa mita 1 unapokea dBm −52. Kelele katika upana wa 20 GHz, pamoja na desibeli 15 za kelele ya kipokezi chenyewe, ni kama dBm −56. Tofauti ya desibeli 4 haiwezi kubeba data bila makosa. Wekeni lenzi za desibeli 40, zenye kipenyo cha sentimita 4 hivi, na kwa mita 10 mtabaki na desibeli 14 juu ya kelele. Lakini mwali wake una upana wa nyuzi mbili hivi, na chini ya mita 3 fomula hii haiaminiki kwa lenzi za ukubwa huo.

Nje ya jengo hali ni ngumu zaidi kwetu wa pwani. Dar es Salaam, kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hewa ina gramu 23 hivi za mvuke, unaofyonza mawimbi haya, kwa mita ya ujazo, mara tatu ya kiwango cha 7.5 kinachotumika kwenye majedwali mengi. Mvua ya milimita 50 kwa saa inaongeza karibu desibeli 20 kwa kilomita. Kwa hiyo benchi libaki ndani.

Kuhusu masafa: mkutano wa dunia wa redio wa 2019, Sharm el-Sheikh, ulibainisha GHz 137 kati ya 275 na 450 kwa matumizi ya nchi kavu: 275–296, 306–313, 318–333 na 356–450. Benchi lipangwe ndani ya kipande cha kwanza, na kabla ya kurusha chochote tuwe tumeiandikia TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Ombi la kamati ni kununua kwanza regyuleta, lenzi, vishikio vya kurekebishia pembe na detekta ya diodi ya Schottky (diodi ya kawaida zaidi, isiyo RTD) ya kulinganishia. Chipu za RTD zisubiri hadi detekta hiyo isome ishara kwa mita 3 bila kuyumba. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.