Nyumba ya Kariakoo Isiuzwe

Kaka Idi,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mgongo tu unanisumbua kidogo. Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, na ile ndefu nimeirudia nisije nikakusingizia. Kumbe kikao kimekaliwa, pilau imeliwa, dalali kaalikwa, halafu mimi naletewa taarifa kwamba mnunuzi wa nyumba ya Kariakoo kapatikana, nitume pesa ya kuharakisha hati. Hivi mimi mtoto wa kufikia? Msimamizi wa mirathi ni msimamizi tu, mali ni yetu sote, na hilo uliambiwa mahakamani mbele ya shangazi.

Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Glyfada ninakofanya kazi, huku Ugiriki, kando ya Athens, mnaijua kwa picha za ufukwe, ndiyo maana Zuwena anasema nakula raha. Pazuri, sikatai. Bahari mbele, mlima Hymettus nyuma, jioni unageuka zambarau kabisa, mji umebanwa hapo katikati na tramu inakuja kandokando ya pwani kutoka Athens. Ila bahari yao haipwi wala haijai kwa kipimo chetu. Asubuhi maji yapo pale, jioni yapo palepale. Nikiyatazama sana natamani bamvua la Kigamboni, maji yametoka mpaka kule, watoto wanakimbilia kaa.

Sasa sikiliza. Bibi ninayemtunza kazaliwa hapahapa, enzi hizo baba yake analima mboga. Jirani, Elliniko, ndipo ulipokuwa uwanja wa ndege wa Athens tangu 1938, na ndege zilipita chini hadi vikombe vikacheza kabatini. Wamarekani nao walikuwa na kambi ya jeshi la anga palepale, wakapanga nyumba, baa zikafunguliwa. Hata Onassis, yule tajiri wa meli, alikuwa na jumba Glyfada. Ardhi ikapanda.

Baba yake Bibi hakuuza. Alifanya wanachokiita antiparochi: kiwanja chako, pesa ya mkandarasi, jengo likiisha mnagawana nyumba. Sehemu kubwa ya Athens imejengwa hivyo baada ya vita, maana sheria yao ya 1929 inamruhusu mtu kumiliki ghorofa moja ndani ya jengo kwa hati yake. Mkataba wa mzee bado uko kwenye droo. Nimeushika kwa mkono wangu: karatasi imekuwa njano, mihuri imefifia, mgawo wa kila upande umeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, hadi marumaru ya ngazi imetajwa ni ya aina gani. Alipata nyumba tatu. Moja akakaa, moja akampa Bibi aende nayo kwa mume kama desturi yao ya zamani, moja ya kupangisha. Hiyo ya kupangisha ndiyo inayonilipa mshahara, na ndiyo iliyomsomesha mwanao, kama umesahau.

Jirani yao aliuza taslimu, kwa drakma. Drakma yenyewe ilizikwa 2002 ilipokuja yuro. Wajukuu zake leo ni wapangaji, tena mbali na bahari.

Uwanja wa ndege ulifungwa 2001. Olimpiki ya 2004 wakachezea hapo beisiboli na hoki, kisha majani yakaota. Baadaye wakimbizi, wengi wao Waafghani, wakalala kwenye jengo la abiria mpaka walipoondolewa 2017. Nilikuwa nikiwaona, roho inauma, tuyaache. Sasa hivi hapo kuna mradi wa jengo la ghorofa 50, la karibu mita 200, wamelichora wasanifu Foster + Partners wa London. Metro nayo imefika Elliniko tangu 2013. Kodi za Glyfada hazishikiki: mwenye hati anacheka, mpangaji anafungasha.

Kariakoo ni yaleyale. Wangapi mtaani kwetu wametoa nyumba zao za vyumba sita kwa wajenzi, wakabaki na fremu za chini na ghorofa yao? Wengine wamedhulumiwa, najua utalisema hilo, lakini waulize walikuwa na karatasi gani. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo tunayo tangu 2008. Atafutwe wakili, asiwe rafiki wa dalali.

Na usiniambie mambo haya siyajui. Nina chumba na sebule Kypseli, mtaa wa Athens, ghorofa ya tatu, hati ina jina langu kwa herufi za Kigiriki, na siku ya kusaini niliisoma mwenyewe kwa sauti mpaka mwanasheria akavua miwani. Nani mwingine kwetu ana hati ya Ulaya? Najisifu, ndiyo, maana hamnisifu.

Kwa hiyo saini yangu ya kuuza hamtaipata. Ya ubia mtaipata siku hiyohiyo, ila mgawo wetu uandikwe na fremu zisipungue mbili, moja iwe ya mama. Kikao kirudiwe Jumapili jioni, saa hizo Bibi analala, mniweke kwenye simu na shangazi awepo.

Pesa ya dalali sitoi. Ya kubadilisha bati bovu la chumba cha mama nimeshatuma, nimempa Zuwena, si wewe. Usinune.

Mdogo wako,
Mwanahawa