Harambee ya helmeti za steji yetu ya Majengo Kanamai, tuchange kabla mtu hajaanguka

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari zenu majirani wote wa Majengo, Kanamai na Kikambala, na nyinyi wa kwetu mlio mbali pia. Hii ni kamati ya pamoja, sisi wa msikitini, wenzetu wa kanisani, viongozi wa steji ya boda na kina mama wa chama, na twaja kuwaomba pesa, tusizunguke. Twataka kununua helmeti za kweli kwa kila pikipiki ya steji yetu, mbili mbili, ya dereva na ya abiria, na nyingine ndogo za watoto wa shule.

Mwajua wenyewe hapa kwetu mambo yalivyo. Waamka asubuhi wakuta umeingizwa kwenye grupu mpya ya WhatsApp, picha ya kijana kitandani na bandeji kichwani, namba ya M-Pesa, na majina yashaanza kupangwa, huyu mia tano, huyu elfu, huyu nitatuma jioni inshallah. Na kichwa kikiumia hakuna bili ndogo, kuna skani, kuna kupelekwa Mombasa kwa ambulensi ya kulipia, kuna ICU ikibidi, halafu akirudi nyumbani ndo yaanza yale mazoezi ya viungo ya miezi na miezi ambayo hakuna anayeyachangia manake grupu ishafungwa na watu wamehamia ya mtu mwingine. Pesa twatoa, hakuna anayeweza kusema watu wa hapa ni wachoyo. Lakini twatoa wakati kijana ashapasuka kichwa. Kamati ilipokaa ikapiga hesabu ya harambee moja tu ya mwaka jana, ya kijana wetu aliyeanguka usiku pale kwenye mchepuko wa barabara ya Malindi, tukakuta ile pesa ingenunua helmeti za zaidi ya nusu ya steji.

Na huyo kijana helmeti alikuwa nayo. Ilikuwa imening'inia kwenye saidi mira. Sai yuko nyumbani kwa mamake, atambua kila mtu, aongea na kila mtu, lakini akikaa juani kidogo kichwa chamuuma mpaka atapika, na pikipiki hawezi tena, na ana watoto wawili.

Watu wengi hapa wakisikia hivo wasema basi hawa vijana ni wakaidi, kwa nini asivae. Sisi tulikaa na vijana wa steji tukawauliza na majibu yao yalikuwa ya maana. Joto, ndio, saa saba mchana pwani hii kila mtu alijua. Lakini kubwa zaidi walisema hizi helmeti wanazouziwa za mia nane mia tisa haziwasaidii kitu, wazivaa wakiona polisi tu. Fundi wetu wa pikipiki ambaye yuko kwenye kamati akachukua moja pale pale akaifungua mbele yetu, akang'oa kile kitambaa cha ndani, chini yake hakuna chochote ila sponji nyembamba ya godoro, na ganda lenyewe la plastiki ukilibonyeza kwa vidole gumba lapinda. Mkanda umefungwa kwa riveti moja kila upande, na kile kifungo cha mkanda kishavunjika kwa hivyo mwenyewe alikuwa aufunga fundo, yaani mtu akianguka helmeti yatoka kwanza halafu kichwa ndo chafika chini.

Ya kweli ndani ina lile povu gumu jeupe, kama lile linalokuja kwenye katoni ya TV. Kazi ya lile povu ni kuvunjika lenyewe. Kichwa kikigonga lami povu labonyea, ule mshindo wapungua kabla haujafika kwenye ubongo, na ndio maana helmeti iliyogongwa mara moja kwenye ajali haifai tena hata ikionekana nzima kwa nje, na ndio maana pia msinunue za mitumba tafadhali. Helmeti nzuri kwa kawaida ina kitambulisho cheupe kilichoshonwa kwenye mkanda, kina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha, hiyo ndo alama ya kiwango cha ECE 22 cha Umoja wa Mataifa. Stika ya kubandika nyuma mtu yeyote aweza kuichapisha mjini, kwa hivyo sisi stika hatuziangalii. Kuna wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakazichapisha pamoja mwaka 2008, wakakuta dereva mwenye helmeti hatari yake ya kufa kwenye ajali yapungua kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hebu fikirieni hizo asilimia kwa majina ya vijana mnaowajua.

Tumechagua za uso wazi zenye kioo cha mbele na matundu ya hewa. Tulibishana sana hapo. Muuguzi wetu mstaafu alitaka zile za kufunika mpaka kidevu na kweli zile zalinda taya vizuri zaidi, lakini vijana walisema wazi kwa joto la hapa zitarudi kwenye saidi mira kwa wiki moja, na tukaona bora ile itakayokaa kichwani kutwa nzima. Saizi tutapima mtu mmoja mmoja. Helmeti inayokaa sawa yabana mashavu kidogo na ukitikisa kichwa haichezi.

Sasa upande wa abiria, na hapa twajisema sisi wenyewe. Sheria ya trafiki yasema dereva na abiria wote wawili wavae helmeti na reflekta, na abiria ni mmoja tu. Ni nani kati yetu ashawahi kumwambia dereva sipandi mpaka unipe helmeti? Kina mama twasema yanuka jasho la watu, yaharibu nywele nilizosuka jana, nina mtandio haiingii. Haya, kina mama wa chama wamelitatua. Watashona vikofia vya ndani vya pamba, vyepesi, kila dereva atapewa kadhaa awe avifua, na ukitaka chako mwenyewe utanunua kwa bei ya kitambaa ukae nacho kwenye mkoba. Na mtandio waingia vizuri sana, walijaribu pale pale kwenye mkutano, ni kutoa ile pini ya pembeni tu manake ikibanwa na helmeti yachoma, ukaufunga kwa nyuma chini ya shingo. Kigali ukipanda pikipiki dereva akukabidhi helmeti ya pili kabla hujakaa na hakuna anayeona ajabu, kwa hivyo hapa pia yawezekana.

Kuna jambo lingine ambalo wageni hawalijui lakini kila mtu wa pwani alijua, leso na buibui kuingia kwenye gurudumu. Mama amekaa upande, ncha ya leso yapeperuka, yashikwa na spoku au nyororo, na kabla dereva hajasikia ukelele mama ashavutwa chini kwa nyuma. Dawa yake ni rahisi sana, ni wavu wa chuma pembeni mwa gurudumu la nyuma na kifuniko kizima cha nyororo. Fundi wa kuchomelea hapa hapa Majengo ashatengeneza mfano mmoja, umefungwa kwenye pikipiki ya mwenyekiti wa steji, nendeni mkauone. Mimi ninayeandika hii kwa niaba ya kamati ningeambiwa nichague kitu kimoja cha bei ndogo chenye faida kubwa kwenye orodha yote hii ningechagua huo wavu.

Na watoto wa shule. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mwawaona, wawili nyuma, mmoja mbele juu ya tangi, mabegi yaning'inia, na dereva aharakisha arudi kuchukua wengine. Mzazi ndiye anayewapakia hivo, kwa sababu kulipia watatu pamoja ni nafuu. Twajua maisha magumu hatumlaumu mtu, ila steji imekubali kupunguza bei ya safari za shule ikiwa wazazi watakubali mtoto mmoja mmoja na helmeti yake ndogo, na hizo ndogo zitakaa steji kwenye kreti, zatolewa asubuhi na kurudishwa. Mtoto kuvalishwa helmeti ya mtu mzima haisaidii, yazunguka kichwani na kumfunika macho.

Reflekta nazo tumeziweka, ila zile zenye mistari inayong'aa kweli taa ikiimulika. Vijana wengi hapa wavaa zile za kampeni zenye sura ya mheshimiwa mgongoni, zishapauka na usiku hazionekani kabisa, na barabara hii tangu ianze kupanuliwa ina malori, ina vumbi, ina michepuko inayobadilika kila wiki.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Steji imeandikisha pikipiki 60. Helmeti 120 za watu wazima na 30 za watoto, jumla 150, kwa bei ya jumla tuliyopewa ya shilingi 3,600 kila moja ni 540,000. Nyavu za gurudumu 60 kwa 700 ni 42,000. Reflekta 60 kwa 800 ni 48,000. Vitambaa, uzi na kulipa cherehani 15,000. Yote pamoja 645,000. Vijana wenyewe kupitia chama chao watatoa 1,500 kila mtu, hiyo ni 90,000, na hawa ni watu ambao wengi pikipiki si zao, jioni lazima wampelekee mwenye pikipiki chake kwanza, kwa hivyo hiyo elfu na mia tano yatoka mahali. Mchango wa Ijumaa msikitini, sadaka ya kanisani na wenye maduka wa pale steji umefika 118,000. Zimebaki 437,000 na hizo ndizo twazitafuta kwenu.

Helmeti hazitagawiwa kama vitumbua. Kila moja itachongwa namba kwa ndani na kuandikwa kwenye daftari la steji na jina la mwenye kupewa. Akiiuza alipa chama bei yake yote. Ikigongwa kwenye ajali airudishe ipasuliwe na apate nyingine kwa nusu bei, kuna mfuko mdogo wa hiyo kwenye chama. Na steji imepitisha kwenye mkutano wake, dereva atakayebeba mtu kichwa wazi asimamishwa siku nzima. Hapo ndo wateja mwaingia. Kijana akikwambia mama vaa, vaa, usivuke barabara ukachukue boda wa steji nyingine anayekubali, manake ukifanya hivo wamnyang'anya riziki yule aliyetii.

Ndugu zetu mlioko Doha, Jeddah, Dubai, nyinyi twawategemea sana na twajua mwaombwa kila siku. Wale mnaoendesha delivari kule mwajua hamwezi kutoka getini bila helmeti, mwenye kazi akupa kamili. Huku hakuna mwenye kazi wa kumpa, mwenye kazi ni sisi tunaopanda. Bei ya helmeti moja ni 3,600, ukiweza moja sawa, ukiweza nusu tutakuunganisha na mwingine.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa nane mchana baada ya watu kutoka kanisani na kuswali adhuhuri. Hatujaalika mwanasiasa kupanda jukwaani. Akija, aje akae na watu achange kama watu, na reflekta hazitachapishwa jina la mtu yeyote. Fundi atapasua helmeti mbili mbele ya kila mtu, ya bei rahisi na ya kiwango, kwa nyundo, mjionee wenyewe, na msilete watoto karibu sana hapo.

Pesa zatumwa kwa namba ya mweka hazina wa kamati peke yake, ile iliyobandikwa mlangoni msikitini na kanisani na kwenye kibanda cha steji, usitume kwa namba ya mtu mwingine hata akisema ametumwa na kamati. Risiti wapata siku hiyo hiyo. Orodha ya waliotoa na kilichonunuliwa itabandikwa steji kila Ijumaa mpaka kazi iishe, asiyetaka jina lake lionekane aseme tutaandika mfadhili.

Wenye vitambaa vya pamba, leso kuukuu safi, mashuka, leteni kwa kina mama wa chama kabla ya Alhamisi, wamekaa pale uwani nyuma ya msikiti kuanzia alasiri. Cherehani ziko tatu tu, kwa hivyo aliye na yake na ana muda kidogo aje nayo.