Msingi wa nyumba ya mawe usichimbuliwe kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wenzangu wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Siku hizi ukuta ukipata ufa tu, fundi anataka kuchimba chini yake amwage zege na nondo. Mtaani kwetu nimeshuhudia mtaro ukichimbwa chini ya ukuta mzima, kona hadi kona, na ghorofani watu wanaishi. Niliogopa, na bado naogopa.

Kuta zetu ni nene, nusu mita na zaidi, lakini unene huo unadanganya. Nje na ndani yamepangwa mawe makubwa; katikati ni vijiwe vya matumbawe na chokaa. Msingi nao ni vivyo hivyo. Ukiondoa udongo chini yake, vijiwe vya katikati vinaanza kudondoka kimoja kimoja, ukuta unabaki maganda mawili. Beit al-Ajaib (jumba la kale la sultani hapa Mji Mkongwe), iliyojengwa 1883, ilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, iliua watu wawili. Sote tuliona ukuta wa mawe ukishaachia unavyomwagika.

Anayeijua kazi hii hutegemeza sakafu kwanza, akanywesha mianya ya msingi uji wa chokaa, akasubiri ushike. Kisha huchimba kipande kisichozidi mita moja, pengine nusu yake kama mawe yamelegea, na kinachofuata hukichimba mbali na hicho. Kipande kikijazwa na kukomaa, upenyo uliobaki chini ya mawe ya zamani hushindiliwa mchanganyiko mkavu hadi ukuta ukalie sawasawa. Hapo ndipo cha jirani kinaguswa. Ni kazi ya wiki nyingi. Anayekuahidi siku tatu mkimbie.

Tena, kabla ya kushika sururu, tafuteni maji yanakotoka. Mara nyingi ni bomba la choo linalovuja au mfereji wa paa uliotoboka, maji yanazoa chokaa chini kwa chini miaka nenda miaka rudi. Zege halitibu hilo. Na lipu ya saruji inazidisha maradhi, kwani unyevu unakosa pa kutokea, unapanda na chumvi yake.

Naiomba Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe isiruhusu mtu kuchimba chini ya ukuta bila mchoro unaoonyesha mpangilio wa mashimo, na mkaguzi afike kabla ya kila shimo kujazwa. Jirani naye aarifiwe mapema, maana kuta nyingi tunachangia.

Mwenye nyumba,
Mji Mkongwe, Zanzibar